Chuma na Joto

Wasomaji wetu wa Kitangari na Newala wamepata kumwona mhunzi kazini. Hutia ncha moja ya nondo motoni, mivukuto ikavuma, na baada ya kitambo mkono ulioshika ncha ya pili hauwezi kuvumilia, ijapokuwa ncha hiyo haikuguswa na moto. Joto limesafiri ndani ya chuma chenyewe. Chembe zilizo motoni hutikisika kwa nguvu na kuzitikisa jirani zake; tena ndani ya kila madini zimo chembe ndogo mno, ziitwazo elektroni, zinazokimbia huku na huku, nazo ndizo zichukuazo sehemu kubwa ya joto. Mti hauna chembe huru za namna hiyo, ndiyo sababu mhunzi hutaka mpini wa mti.

Madini hayalingani kwa jambo hili. Atakaye kujua na atwae ufito wa chuma na ufito wa shaba nyekundu, urefu mmoja na unene mmoja, abandike punje za mtama kwa nta ya nyuki, kisha atie ncha zote mbili katika moto mmoja. Punje za shaba zitaanguka mbele, kwani shaba hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma.

Hapa twapenda kuwaonya wenye watoto. Chuma huanza kuonekana chekundu kipatapo digrii 500 hivi za sentigredi, lakini ngozi huungua upesi hata kwa digrii 60. Basi chuma kilichorudi kuwa cheusi chaweza kuwa kikali bado, na mtoto hukishika kwa sababu hakioni kuwa chekundu.

Jambo la pili ni kwamba chuma kikipata joto hukua. Wengi hudhani kwamba pete ya chuma ikitiwa motoni tundu lake hupungua, maana chuma kimevimba kuelekea ndani. Sivyo. Pete yote hukua pamoja na tundu lake, kana kwamba imechorwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi. Fundi hulitumia jambo hili avishapo pete katika mpini wa patasi ya kuchongea vinyago. Pete ikiwa baridi haiingii. Akiitia motoni huingia, na akiimwagia maji mara moja, kabla mti haujaungua sana, hunywea na kuubana mpini usipasuke chini ya nyundo.

Ukuaji wenyewe ni mdogo. Reli ya futi 40, joto lake likizidi digrii 30 tangu alfajiri hata adhuhuri, hurefuka kama sehemu ya sita ya inchi. Wazee wa Masasi waikumbukao reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya vita ya pili na kung'olewa katika miaka ya 1960, huenda waliona nafasi zilizoachwa kati ya reli na reli. Bila nafasi hizo, njia hupinda.

Jambo hili latuhusu zaidi katika maji. Uwanda wetu wa juu ni wa mchanga, hauna mito, na kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Maji ya mabomba hupandishwa kutoka visima vya Mitema. Bomba la chuma la futi 1,000 lililolala juani, joto likizidi digrii 20, hurefuka karibu inchi 3, na usiku hurudi. Likiwa limefungwa pande zote mbili bila nafasi, huvuta na kusukuma maungio yake kila siku hata yakavuja. Kwa hiyo bomba huzikwa ardhini, ambako joto la mchana halifiki sana, au huwekewa kipindo au ungio liwezalo kuteleza. Mwenye kulifukua bomba ili apate udongo wa matofali, akaliacha wazi, amelitoa kivulini mwake.