Risasi Ni Kitu Gani?

Wageni wanaozuru kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wamekuwa wakiokota maganda ya shaba yaliyosalia tangu vita vya 1916. Muulize mwanafunzi ni nini hicho, naye atakujibu: risasi. Jibu hilo halitoshi. Kwa asili yake ya Kiarabu, risasi ni madini; kisha likawa jina la kipande kirukacho, na sasa twalitumia hata kwa kitu kizima, pamoja na ganda, baruti na fataki yake. Wapwani wa kale walikuwa na jina la kitu hicho kizima: kiasi cha bunduki. Tumeliacha life bure.

Chukua mfano wa bastola. Kiasi kiitwacho .38 Special na kile cha .357 Magnum, kilichotoka 1935, vina risasi za kipenyo kimoja. Ila ganda la hicho cha pili lilirefushwa kwa milimita 3 hivi, kusudi lisiingie katika bastola za zamani zisizomudu nguvu zake. Hivyo bastola ya .357 hupokea viasi vyote viwili, ya .38 hupokea vyake tu. Lieleze jambo hili kwa neno "risasi" peke yake, msomaji, uone utakavyotatizika!

Historia ya Taita Taveta nayo yadai msamiati huu. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa ikiwa imelowa maji ya chumvi. Viasi vikafunguliwa, baruti ikakaushwa, maganda yakajazwa upya: kazi ya subira kubwa. Hata hivyo, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa wangali na bunduki za mtindo wa 1871, za milimita 11, ambazo viasi vya bunduki mpya havikuziingia, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi uliomfichua mpigaji. Pamoja na hayo, tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walirudishwa nyuma pale Salaita.

Mwalimu wa Voi atakayewapeleka wanafunzi huko na awafundishe kwanza sehemu hizo kwa majina yake. Ganda tupu lina fataki iliyogongwa. Wakikuta fataki isiyo na alama na risasi ingali mdomoni mwa ganda, wasiiguse. Waiache hapo hapo, polisi waarifiwe.