PAMPU YA MAFUTA: YA INJINI AU YA UMEME?



Katika mashamba na viwanda vingi bado tunazo injini za dizeli za zamani: trekta za Massey Ferguson 135, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1964, na jenereta zenye injini ya Perkins. Pampu ya mafuta ikifa, meneja husikia kwamba ya umeme ni rahisi, akaiagiza, na dereva akaambiwa aifunge. Injini ikiharibika baadaye, mshahara wa dereva ndio unaokatwa. Basi tuijue habari hii kabla pampu haijanunuliwa.

Hatusemi juu ya pampu ya nozeli. Hiyo ni nyingine, na haibadilishwi. Tunasema juu ya ile ndogo inayovuta mafuta kutoka tangi na kuyapitisha kwenye filta.

Pampu ya zamani huendeshwa na kamshafti. Ndani yake mna diaframu ya mpira inayopanda na kushuka. Haitaki betri wala waya. Trekta ikisukumwa ikawaka, kazi inaendelea. Ubaya wake ni diaframu kupasuka. Hapo dizeli huweza kushuka ndani ya injini, oili ikawa nyepesi na beringi zikaisha. Kwa MF 135 hatari ni kubwa zaidi, maana tangi liko juu ya injini, na dizeli yaweza kushuka usiku kucha trekta ikiwa imesimama. Ukipima asubuhi ukaona oili imepanda bila mtu kuiongeza, tena inanuka dizeli, usiwashe. Mwite fundi, na habari iandikwe kwenye daftari siku ile ile pamoja na jina la aliyeipokea.

Pampu ya umeme hujaza filta kabla injini haijazunguka. Kwa jenereta ambayo tangi lake liko chini au mbali, huo ni msaada mkubwa. Huko tumewaona vijana wakivuta dizeli kwa mdomo, na dizeli ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Lakini betri ikifa au waya ukilegea, injini nayo inazima, hata kama uko mlimani na tela limejaa watu. Na bomba likikatika au trekta ikipinduka, pampu huendelea kumwaga mafuta juu ya injini ya moto. Kwa hiyo lazima iwe na fyuzi, na swichi inayokata umeme injini ikizima.

Tena iwe ya dizeli na ya presha ndogo. Injini hizi zinataka paundi chache tu. Pampu za magari ya petroli ya siku hizi nyingi hutoa paundi 40 na zaidi, na hizo zitaharibu sili za pampu ya nozeli.

Jambo linalosahauliwa sana ni pampu ya zamani kuachwa mahali pake, mafuta yakiendelea kupita ndani yake. Diaframu ikipasuka, ile ya umeme itasukuma dizeli moja kwa moja kwenye oili. Ya zamani itolewe, na tundu lizibwe kwa kibati na gasketi.

Sisi tunaona trekta za shambani zibaki na pampu ya injini. Diaframu mpya inatosha. Jenereta yenye tangi la chini ipewe ya umeme. Lakini ikiletwa bila fyuzi, swichi na kibati, wajumbe wa chama wasikubali dereva aifunge.