Andorra, Nchi ya Wakuu Wawili

Katika albamu ya stempu ya chama chetu zimo stempu mbili zilizobandikwa bega kwa bega. Zote zina jina la nchi moja, Andorra, lakini moja ni ya posta ya Hispania na ya pili ni ya posta ya Ufaransa. Nilidhani aliyezipanga alikosea. Nilipouliza na kusoma nikatambua kwamba hakukosea hata kidogo. Nchi hiyo hutumikiwa na posta za majirani zake wawili: ya Hispania ilianza kuipigia stempu mwaka 1928, na ya Ufaransa mwaka 1931. Ndiyo sababu nawaandikieni habari zake, nanyi ndugu zetu mliokwisha toka shule, mkipata kusafiri Ulaya, huenda zikawafaa.

Andorra imo ndani ya milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania. Eneo lake ni kilomita za mraba 468 tu. Kisiwa cha Pemba ni kama mara mbili yake. Nchi yote ni mabonde membamba na vilele, na kilele kirefu kupita vyote, Coma Pedrosa, kina mita 2,942. Mji mkuu, Andorra la Vella, umejengwa mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,000, wala hakuna mji mkuu mwingine wa Ulaya ulio juu kama huo. Lugha ya serikali ni Kikatalani.

Sisi husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Waandorra wamewaweka zizini tangu 1278. Mwaka huo Askofu wa Urgell na Bwana wa Foix, waliokuwa wakigombania mabonde hayo, walipatana wayatawale pamoja. Haki ya Foix ikarithiwa na wafalme wa Ufaransa, na baada yao ikawafikia marais. Basi Rais wa Ufaransa, ambaye kwake ni jamhuri iliyomkata mfalme wake kichwa, akitajwa Andorra huwa mwana wa enzi! Mwenzake ni Askofu wa Urgell hadi leo.

Kwa nini watu wakubali mabwana wawili, na hata mmoja ni mzigo? Wafaransa walipompindua mfalme wao, serikali yao mpya ilikataa kupokea ushuru wa Andorra, kwa kuwa ulinuka mambo ya ukabaila. Ungedhani Waandorra walishangilia. La, waliomba mambo yarudi kama zamani, mpaka Napoleon akakubali mwaka 1806. Watu wakaomba kutozwa ushuru! Nadhani hesabu yao ilikuwa sawa: bwana mmoja akiondoka, ni nani wa kumzuia yule wa pili asiimeze nchi? Ushuru wenyewe haukuwa mkubwa. Askofu alipelekewa pamoja na fedha jibini na mapaja ya nguruwe, na desturi hiyo ilikoma ilipopatikana katiba ya 1993, iliyopigiwa kura na raia. Kwa katiba hiyo enzi ni ya wananchi, na wakuu wawili wamebakiwa na madaraka machache. Mwaka huohuo Andorra iliingia Umoja wa Mataifa. Alipata kutokea hata fahali wa tatu: mwaka 1934 Mrusi mmoja, Boris Skossyreff, alijitangaza kuwa mfalme wa Andorra, lakini hazikupita siku nyingi askari wa Hispania wakamkamata.

Sasa tuje kwenye safari. Andorra haina reli wala uwanja wa ndege za abiria. Mgeni hupanda basi Barcelona au Toulouse, mwendo wa saa tatu hivi. Wajao kutoka Ufaransa huvuka mlima kwenye njia ya Envalira, mita 2,408, ambako theluji huweza kuziba barabara. Tangu 2002 kuna handaki linalopita chini.

Hapa msafiri wa kwetu asikilize vizuri. Andorra yenyewe haidai viza, lakini huwezi kuifikia bila kupita Ufaransa au Hispania, ambako viza ya Schengen hapana budi uwe nayo. Ukivuka mpaka kuingia Andorra, umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, umekwisha itumia, na njia ya kushuka mlimani ni ileile ya nchi usizoruhusiwa tena kuingia. Omba viza ya kuingia mara nyingi kabla ya kuondoka nyumbani.

Ukifika mji mkuu, usiishie madukani. Nenda Casa de la Vall, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1580, ambamo Baraza la nchi lilikutana mpaka 2011. Mle ndani kuna kabati lenye kufuli saba. Nchi ina wilaya saba, ziitwazo parokia, na kila moja ina ufunguo wake. Kabati hilo lilitunza hati za nchi, wala halikufunguka mpaka wenye funguo wote wawepo. (Zamani funguo zilikuwa sita; parokia ya saba ilizaliwa mwaka 1978.) Kwangu mimi hilo lapita maduka yote.

Lakini maduka ndiyo yawavutayo wengi, kwa kuwa kodi ya bidhaa ni ndogo, na wakati wa baridi huja watelezao juu ya theluji. Zamani watu walivusha tumbaku usiku kwa magendo, mizigo mgongoni. Leo wageni huja kwa mamilioni kila mwaka, na wenyeji wote hawafiki laki moja, tena walio raia hawafiki nusu yao. Ardhi ya kujenga ni haba, kodi za nyumba zimepanda, na vijana wa huko hulalamika kwamba hawapati pa kukaa katika nchi yao. Hilo mafahali wawili hawawezi kulizuia.

Atakayefika huko na aniletee kadi. Ila atazame sanduku kabla ya kuitumbukiza: stempu ya posta ya Ufaransa haipokelewi katika sanduku la Hispania, wala ile ya Hispania katika sanduku la Ufaransa.