Mabehewa yamefika, mbona hatuyapandi?

Juzi nilikwenda Miritini kumpokea shangazi yangu aliyekuwa akirudi kutoka Nairobi kwa matibabu ya goti. Treni ya usiku ilimshusha kabla ya adhana ya alfajiri. Hapo nje tukaanza kuvutana bei na dereva wa teksi, ambaye alitaka pesa zilizokaribia nauli aliyolipa shangazi kutoka Nairobi. Tukalipa. Mgonjwa wa goti utampandisha nini saa hizo?

Njiani akaniuliza, "Mwanangu, hiyo treni ya kutuleta hadi mjini ina nini hata kila siku ni kesho? Treni si treni tu?"

Swali hilo nimelisikia sana vibarazani tangu SGR ilipofunguliwa mwaka 2017 na kituo kikawekwa bara, mbali na kisiwa. Kwa hivyo nimeona nilieleze hapa, maana kuna kuchelewa kwenye sababu na kuna kuchelewa kwa uzembe, na mwananchi asiyejua tofauti yake hudanganywa kirahisi.

Tuanze na reli yenyewe. Ile ya zamani, iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Treni inayotoka Nairobi haiwezi kuendelea kwenye reli ya zamani ikavuka Makupa na kuingia kisiwani. Lazima abiria ashuke, apande nyingine iliyoundwa kwa reli nyembamba. Behewa basi halinunuliwi kama gari lililopangwa yadi. Huundwa kwa kipimo cha njia litakayopita.

Na kipimo kikikosewa, miaka hupotea. Mwaka 2020 shirika la reli la Uhispania liliagiza treni 31 kwa ajili ya abiria wa majimbo ya Asturias na Cantabria, ambako reli ni ya mita moja kama yetu ya zamani. Baadaye ikabainika kuwa treni kwa vipimo vile zisingepita kwenye baadhi ya mahandaki, ambayo ni ya kale na hayalingani ukubwa. Bahati ni kwamba zilikuwa hazijaundwa, lakini michoro ikabidi ianze upya. Habari ilipofika kwa wananchi mwaka 2023, mkuu wa shirika la reli na naibu mkuu wa wizara wakaacha kazi, na serikali ikaahidi kuwasafirisha bure abiria wa mitaa hiyo hadi treni mpya zifike.

Hatua inayofuata ni majaribio. Sisi tuliokulia pwani hili twalijua. Jahazi likishakalafatiwa na kushuliwa, halipakiwi shehena siku hiyo hiyo. Huachwa majini kwanza, mbao zikanywa maji, nahodha akaangalia linavuja wapi. Behewa nalo huendeshwa tupu, kisha hutiwa uzito badala ya watu, breki zikajaribiwa kwenye mteremko na kwenye mvua. Milango hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na madereva hujifunza njia. Wiki hizi ndizo zinazotukera, kwa sababu treni twaiona kwa macho ikipita na viti vitupu.

Lakini hata majaribio hayafichui kila kitu. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulinunua mabehewa 120 mapya kutoka Korea Kusini, na ya kwanza yakaanza kazi mwaka 2010. Julai 2016 mafundi wakakuta nyufa kwenye mihimili ya chuma inayobeba uzito juu ya magurudumu. Yote 120, karibu theluthi moja ya mabehewa ya treni za abiria za mji ule, yakaondolewa njiani kwa mara moja. Mji huo huo uliagiza mabehewa mengine 45 ya ghorofa kutoka China mwaka 2017. Mwaka 2024 mkataba ukavunjwa, na hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kuyapanda. Kusimamisha yale ya mwanzo kuliokoa watu. Haya ya pili yalikuwa hasara tupu.

Sisi Kenya tulijaribu njia ya mkato. Mwaka 2020 zilishushwa bandarini mwetu treni za dizeli zilizotumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na Novemba mwaka huo zikazinduliwa Nairobi. Hazikuchukua muda kwa sababu zilikuwa za reli ya mita moja, hazihitaji nyaya za umeme, na zilikwisha kufanya kazi kwao miaka mingi. Ila kitu kikuukuu hufika haraka na kuanza kudai mapema. Vipuri vyake ni vya kutafutwa, na fundi wake lazima awe karibu.

Kwa hiyo siku ya kikao cha maoni ya wananchi, tusiishie kuuliza treni inakuja lini. Tarehe ni rahisi kutaja. Tuulize: je, njia, madaraja na majukwaa vilipimwa kabla ya kuagiza? Majaribio gani yamefanywa, na yapi yamebaki? Karakana iko wapi, vipuri viko, na vijana wetu wangapi wamefunzwa kuzitengeneza? Anayechelewa kwa sababu ya usalama atakuwa na majibu, tena kwa maandishi. Asiye na majibu atakutajia tarehe nyingine.

Nilimweleza shangazi haya yote hadi tukafika Kibokoni. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema yeye yuko tayari kungoja treni isiyomuua. "Lakini waniambie nangoja nini," akasema, akishuka taratibu na fimbo yake. Mwezi ujao ana miadi tena Nairobi, na nimeshaanza kuweka kando pesa za teksi.