Wale Ni Sisi: Katama Mkangi na Riwaya Iliyoruka Hadi Sayari Nyengine

Tukikaa kuzungumza Kiswahili huku kwetu, iwe Ibra, Nizwa au Sur, mazungumzo hayakawii kurudi nyuma. Hurudi Unguja ya zamani, kwenye mikarafuu, Forodhani na kanga za mabibi zetu. Hapana ubaya. Lakini lugha inayotumika kwa kukumbukia tu huzeeka pamoja na wenye kukumbuka. Ndiyo maana, wanachama wenzangu na waalimu wetu, safari hii nakuleteeni habari za mtu aliyekichukua Kiswahili akakipeleka mbele, tena juu: Katama Mkangi wa Kenya, na riwaya yake Walenisi.

Mwalimu aliyetiwa kizuizini

Mkangi alikuwa mtu wa pwani ya Kenya, katika Wamijikenda. Kazi yake ilikuwa ualimu. Alisomesha sosholojia, yaani elimu ya jamii, Chuo Kikuu cha Nairobi. Riwaya yake Ukiwa ilitoka mwaka 1975, ikafuatiwa na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi iliwakamata wasomi wengi waliotuhumiwa kuwa na uhusiano na kundi la siri la Mwakenya. Mkangi naye alitiwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani.

Walenisi ilichapishwa Nairobi mwaka 1995. Miaka miwili baadaye, mwandishi huyohuyo aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress, asishinde. Mwaka 2004 alifariki dunia kwa ajali ya barabarani.

Hukumu iliyogeuka safari

Shujaa wa Walenisi anaitwa Dzombo. Wakubwa wa nchi yake wamemhukumu, na adhabu yenyewe ni ya ajabu: anafungiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa huko juu akafe. Dzombo hafi. Anajifunza kukiongoza kile chombo, anafika sayari nyengine, na huko anakuta watu wanaoishi kwa usawa. Kila anachokiona kinamfanya aulize: kwa nini kwetu si hivi?

Jina la sayari ndilo ufunguo. Litamke polepole: wale ni sisi. Wale wa mbali, tunaowatazama kama viumbe wa ajabu, kumbe ni sisi wenyewe, kama tungeamua kuishi vyengine.

Sisemi kwamba Dzombo ni Mkangi. Lakini mtu aliyewahi kufungiwa na serikali, kisha akaandika juu ya mfungwa aliyeshika usukani wa chombo kilichotengenezwa kumuua, anajua anachokisema. Pia nitasema kweli kwamba ziko kurasa ambazo mwalimu wa sosholojia hakuweza kujizuia kusomesha, na hadithi ikangoja mpaka amalize somo. Msomaji mwenye subira atamsamehe.

Maneno tayari tunayo

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuandikia sayansi ya kubuni. Hebu tutazame. Kinachokwenda angani tunakiita chombo, neno lilelile la jahazi lililong'oa nanga Sur likenda Unguja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Anayerusha ndege tunamwita rubani, na rubani ni neno la Kiarabu la bahari. Zamani alikuwa mwongoza jahazi. Nahodha tunaye. Falaki, elimu ya nyota, tunayo.

Na sayari? Neno hili huwachekesha wenzetu wanaojifunza, maana kwa Kiarabu cha leo sayyara ni gari. Lakini asili yake ni kitu chenye kwenda, na wanafalaki wa kale waliziita sayari nyota ziendazo. Kiarabu kikalipa gari jina hilo, Kiswahili kikaliacha mbinguni. Lugha iliyojengwa na mabaharia haina haja ya kuomba ruhusa ya kwenda angani.

Habari za vitabu

Kwa wanaofuatilia uchapishaji, kuna ya kufurahia. Mwaka 2022 riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chini ya Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Tena ipo tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo bado haijachapishwa. Mwaka 2015, ilipotolewa mara ya kwanza, Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya na Mohammed Khelef Ghassany kwa ushairi. Mwenye mswada ndani ya mtoto wa meza asiuache uliwe na mchwa.

Na sisi je?

Oman ya leo ina vya kuandikwa. Desemba 2024 roketi ilirushwa kutoka Duqm, kusini mwa Sharqiyah yetu. Huku Dakhiliyah, falaj Daris ya Nizwa na falaj al-Khatmeen ziko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na viko vijiji ambavyo zamu za maji ya usiku zilipimwa kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kubuni Nizwa ya mwaka 2100, ambapo mgao wa maji unaamuliwa na mashine, na mzee mmoja bado anazijua nyota, mkasa anao tayari. Nani atasadikiwa, mzee au mashine?

Swali la Mkangi pia ni letu. Baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, watu wengi walikuja Oman kutoka Afrika Mashariki na lugha yao mdomoni. Wapo waliowatazama kama wale, na wapo miongoni mwao waliowatazama wenyeji vivyo hivyo. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanakaa darasa moja. Kitabu chenye jina la Walenisi kingepaswa kuwamo katika maktaba ya kila chama kama chetu. Kisomwe, tubishane, kisha mmoja wetu aandike kingine.