Simu ya vitufe kwa mfanyabiashara: pima huduma kabla ya kupima umbo

Mfanyabiashara anayetafuta simu ya kazi, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huuliza kwanza mambo mawili: bei na betri. Wapo wachache wanaoongeza swali la tatu: je, ina vitufe vya herufi? Hawa ni watu waliozoea kuandika oda, bei na barua pepe kwa vidole gumba viwili juu ya vitufe halisi, na ambao mpaka leo hawajapatana na kioo cha kugusa. Mwuzaji akiwaonyesha BlackBerry iliyotumika, safi, kwa bei inayoonekana kuwa nafuu, mkono huenda mfukoni haraka.

Ukurasa wa wiki hii unaeleza namna ya kuipima simu ya aina hiyo kabla ya kutoa fedha. Maelezo haya yanamhusu pia mfanyabiashara anayefikiria kuagiza mzigo wa simu hizo, na mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za kampuni yenye bidhaa inayopendwa. Wote watatu wanaweza kupata hasara kwa kosa moja: kupima kifaa na kusahau huduma iliyo nyuma yake.

CHANZO CHA SIFA

Simu hizo zilitoka katika kampuni ya Research In Motion (RIM), iliyoanzishwa mwaka 1984 katika mji wa Waterloo, Kanada, na Bw. Mike Lazaridis na Bw. Douglas Fregin. Bw. Jim Balsillie alijiunga nao mwaka 1992 na kushika upande wa fedha na biashara. Mwaka 1999 kampuni ilitoa kifaa kidogo cha kupokea na kuandika barua pepe, na mwaka 2002 ikaweka simu ndani ya kifaa hicho.

Kilichouzwa hakikuwa vitufe peke yake. Barua pepe ilisukumwa mpaka kwenye simu mara tu ilipofika, mwenye simu hakuhitaji kwenda kuitafuta. Ilifungwa kwa lugha ya siri, ilipita katika mitambo ya RIM yenyewe, na ilitumia data kidogo. Kwa huduma hiyo kampuni za simu ziliilipa RIM ada ya kila mwezi kwa kila mteja. Hivyo RIM ilikuwa na mapato ya aina mbili: ya kuuza kifaa, na ya ada.

Usiri huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza kusimamisha huduma za BlackBerry, kabla ya pande mbili kufikia maelewano. Wafanyabiashara wetu waendao Dubai watakuwa wanakumbuka wasiwasi wa miezi ile.

Hata hivyo, nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa pia udhaifu. Oktoba 2011 mitambo ya RIM ilipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika walikosa barua pepe na ujumbe, kabla ya tatizo kufika Marekani. Simu ilikuwa nzima mkononi, lakini kazi ilikuwa imesimama. Hilo ni jambo la kukumbuka katika yote yanayofuata.

MAJARIBIO YA MKONONI

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa kuwa vitufe vina faida za kweli. Mwandishi hupata hisia ya kila herufi, kwa hiyo anaweza kuandika bila kukodolea macho. Kioo chote hubaki wazi kwa kusoma, kwa sababu hakuna kibodi iliyopanda juu yake. Aidha, anayeandika Kiswahili huepuka karaha ya kibodi ya kioo iliyopangwa kwa Kiingereza, ambayo hugeuza maneno yetu kuwa mengine kabla mwenyewe hajaona. Maneno yetu ni marefu, na mtu anayeandika "tutakapowapelekea" mara kumi kwa siku anajua thamani ya kitufe kinachomtii.

Upungufu nao upo. Vitufe hula nafasi ya kioo. Q10 ya mwaka 2013 ilikuwa na kioo cha inchi 3.1 tu, na hata KEY2 ya mwaka 2018, iliyo kubwa zaidi, ina inchi 4.5. Kusoma orodha ndefu ya bei au jedwali la hesabu katika kioo kama hicho ni kazi ya kusogeza kila mara.

Kwa hiyo mnunuzi afanye jaribio la kazi yake mwenyewe hapo hapo dukani. Kwanza, aandike oda kamili yenye majina, idadi na bei. Katika BlackBerry nyingi tarakimu zimo ndani ya vitufe vya herufi, na ukiandika ujumbe ni lazima kubonyeza kitufe kingine kwanza ili kuzipata. Anayeandika barua ndefu hataona taabu. Anayeandika bei kutwa nzima ataiona. Sifuri moja ikikosekana katika bei ya jumla, faida ya wiki imekwenda.

Pili, abonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, mara kadhaa. Kitufe kinachoandika herufi mbili kwa mbonyezo mmoja, au kinachohitaji nguvu, kimeingiwa na vumbi au maji. Fundi anaweza kubadilisha kibodi nzima, lakini kipuri cha simu iliyoacha kutengenezwa hutolewa katika simu nyingine iliyokufa, nacho kimechoka vilevile.

Tatu, aulize habari ya betri. Katika simu kama Bold na Q10 betri hutolewa kwa mkono. Katika Passport, KEYone na KEY2 betri imefungwa ndani na huhitaji fundi. Betri ya akiba iliyokaa miaka mingi katika boksi bila kutumika si betri mpya, hata kama karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

HUDUMA ILIYO NYUMA YA KIFAA

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Simu za BlackBerry zimegawanyika katika makundi matatu, na mnunuzi ni lazima ajue anashika la kundi gani.

Kundi la kwanza ni zile za zamani, kama Curve na Bold, pamoja na zile za mfumo wa BlackBerry 10, yaani Q10, Passport na Classic. WhatsApp ilikoma kuzihudumia mwishoni mwa mwaka 2017. Huduma ya ujumbe ya BBM kwa watu binafsi ilifungwa tarehe 31 Mei 2019. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima mitambo iliyokuwa ikizitegemeza simu hizi, ikionya kwamba hata kupiga simu, kutuma ujumbe na kutumia data hakutakuwa kwa uhakika. Simu ya kundi hili ni kumbukumbu. Bei yake ikiwa ndogo kiasi gani, si chombo cha biashara.

Kundi la pili ni zile zilizotumia mfumo wa Android: Priv ya mwaka 2015, kisha KEYone ya mwaka 2017 na KEY2 ya mwaka 2018. Mwaka 2016 BlackBerry iliacha kutengeneza simu, na KEYone na KEY2 zilitengenezwa na kampuni ya TCL ya China kwa leseni. Leseni hiyo ilikoma Agosti 2020, na TCL ilisema itazihudumia simu zake mpaka tarehe 31 Agosti 2022. KEY2 iliuzwa ikiwa na Android 8.1. Inapiga simu na kutuma ujumbe, lakini programu za benki na za malipo huacha kuzikubali Android za zamani moja baada ya nyingine. Tena, simu isiyopata marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo, na nyuma ya mlango huo kuna akaunti za fedha za mwenye simu.

Kundi la tatu ni simu zilizokuja baadaye kwa majina mengine. Kampuni ya Unihertz ya China imekuwa ikitoa simu za vitufe, kuanzia Titan iliyotangazwa mwaka 2019 hadi Titan 2 ya mwaka 2025. Vilevile, tangu mwaka 2024 kampuni ya Clicks imekuwa ikiuza kava lenye vitufe linalovalishwa kwenye iPhone. Wazo la kava lina hesabu nzuri: vitufe vikiharibika simu inabaki, na simu ikizeeka hukutupa fedha zote kwa pamoja.

Ahadi nazo zipimwe. Mwaka 2020 kampuni ya OnwardMobility ya Marekani ilitangaza kwamba italeta BlackBerry mpya yenye vitufe na mtandao wa 5G. Februari 2022 kampuni hiyo ilifungwa, bila simu hiyo kufika dukani.

HESABU YA MWEZI

Njia rahisi ya kulinganisha simu mbili ni kugawa gharama kwa miezi ya kazi. Tuchukue mfano. Simu ya vitufe iliyotumika inauzwa shilingi 240,000, na mnunuzi anakadiria kwamba itamfaa kwa miezi 6 kabla ya betri au programu kumshinda. Gharama yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Simu mpya ya bei ya shilingi 720,000 inayotarajiwa kuhudumiwa kwa miezi 36 inagharimu shilingi 20,000 kwa mwezi. Ikiwa baada ya muda huo itauzika kwa shilingi 90,000, gharama inashuka mpaka 17,500. Iliyoonekana rahisi imekuwa ghali zaidi ya mara mbili, na bado hatujahesabu siku ambazo kazi ililala.

KWA ANAYEAGIZA MZIGO

Mwenye duka anayeshawishiwa kununua simu hamsini za namna hii kwa bei ya jumla ajiulize nani atazinunua, na kwa muda gani. Wapenzi wa vitufe wapo, lakini ni wachache na wametawanyika. Mzigo wa simu hauvumilii ghala: kila mwezi unaopita huduma yake inasogea karibu na mwisho.

Mtengenezaji mwenyewe alionja hilo. Katika robo ya mwaka iliyoishia Agosti 2013, BlackBerry ilifuta karibu dola milioni 934 katika vitabu vyake, hasa kwa sababu ya simu za Z10 zilizokosa wanunuzi. Z10 ilikuwa ya kioo cha kugusa, iliyotolewa ili kushindana na iPhone. Ikiwa kiwanda kinaweza kukwama na mzigo wake, mwagizaji mdogo hana kinga.

Namba ya IMEI nayo ihakikishwe, kwa kubonyeza *#06#. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo katikati ya Juni 2016. Nchini Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Habari ya RIM ina somo kwa kila anayenunua hisa kwa kuwa anaipenda bidhaa. Katika mwaka wa hesabu ulioishia mwanzoni mwa Machi 2008 kampuni iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 6. Katika mwaka ulioishia Februari 2011 mauzo yalifika dola bilioni 19.9. Mtu aliyetazama mauzo peke yake angesema kampuni iko kileleni.

Lakini hisa zake, zilizovuka dola 140 katikati ya mwaka 2008, zilikuwa zimeporomoka pamoja na masoko yote ya dunia mwaka huo na hazikurudi tena juu kiasi hicho. iPhone ilikuwa imetoka mwaka 2007, na soko lilikuwa linapima miaka ijayo, si mwaka uliopita. Desemba 2012 kampuni ilitoa taarifa kwamba wateja wake wamepungua kwa mara ya kwanza, kutoka milioni 80 hadi milioni 79, na kwamba ada za huduma zitabadilika. Kesho yake hisa zilishuka kwa zaidi ya moja ya tano. Ni mteja mmoja kati ya themanini aliyeondoka, lakini ada ya kila mwezi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa kampuni. Mwaka ulioishia Machi 2014 mauzo yalikuwa dola bilioni 6.8, na hasara dola bilioni 5.9. Desemba 2013 hisa moja ilikuwa imefika chini ya dola 7. Aliyenunua kileleni alibakiwa na pungufu ya dola 5 kwa kila dola 100.

BlackBerry ya leo ipo, na hisa zake zinauzwa New York na Toronto, lakini inauza programu za usalama na mfumo wa QNX unaotumika katika magari. Anayenunua hisa hizo kwa kupenda vitufe ananunua kitu asichokijua.

MASWALI YA KUONDOKA NAYO

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize: simu hii ilipata marekebisho ya usalama mara ya mwisho lini? Je, programu yangu ya benki inaingia na kufunguka hapa mbele ya mwuzaji? Betri na kibodi nitazipata wapi mwakani? Mwekezaji aulize: je, wateja wanaoilipa kampuni kila mwezi wanaongezeka au wanapungua?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitufe vilikuwa vizuri, vilijiuza kwa miaka zaidi ya kumi, na bado vina raha yake chini ya kidole gumba. Anayevitaka avinunue, ila avinunue katika simu ambayo mtengenezaji wake bado anaihudumia.