Saa mbili kujua kama dawa ya TB itakufaa

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukapungua mwili na kulowa jasho usiku, hospitali watakupa kikopo utie makohozi. Maabara ina maswali mawili ya kujibu. Je, ni kifua kikuu? Na kama ndicho, dawa za kawaida zitaviua vijidudu vyake?

Kwa miaka mingi darubini ilijibu lile la kwanza tu, kwa sababu kijidudu sugu na kisicho sugu vinafanana kabisa machoni. Kuvitofautisha, ilibidi vioteshwe maabara kisha vitiwe dawa, ionekane kama vitakufa. Kijidudu cha TB hukua polepole mno, hivyo jibu lilichukua wiki nyingi, pengine miezi. Muda wote huo mgonjwa anameza vidonge visivyomsaidia, na watoto wanalala naye chumba kimoja.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha mashine ya GeneXpert, ambayo leo inatumika Tanzania Bara na Visiwani. Mpimaji huchanganya makohozi na dawa ya maji, huyatia kwenye kikasha cha plastiki na kukipachika ndani ya mashine. Mashine haisubiri kijidudu kikue. Hukipasua, ikasoma sehemu ndogo ya vinasaba vyake, ile ambayo ikibadilika, rifampisini haifanyi kazi tena. Aliyewahi kutibiwa TB anaijua rifampisini: ndiyo inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Ndani ya saa mbili jibu limetoka.

Umeme ukikatika katikati, kikasha kimepotea na kazi inaanza upya. Kwetu Pemba, tuliokuwa tukitegemea majenereta mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010, hilo tunalielewa bila kuelezwa.

Wengi husema mgonjwa ndiye "amekuwa sugu" kwa sababu aliacha dawa. Si hivyo. Usugu uko kwenye kijidudu. Ni kweli, dozi ikikatizwa, vilivyo dhaifu hufa na vyenye nguvu hubaki vikaongezeka. Lakini vijidudu hivyo hivyo vikikoholewa, mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha TB anaweza kuvivuta na kuugua TB sugu tangu siku ya kwanza. Basi tusiwanyooshee wagonjwa vidole.

Tanzania ilipoanza kutibu TB sugu mwaka 2009, katika Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, matibabu yalizidi mwaka mmoja na nusu, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi, ambazo ziliwaharibu wengine masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita. Lakini tiba hiyo humfikia tu aliyejulikana mapema kuwa ana TB sugu.

Kwa hiyo ukipewa kikopo, toa makohozi ya kifuani, hasa ya asubuhi, si mate. Acha namba ya simu inayopatikana. Jibu likitoka uliza: "Na rifampisini imepimwa?" Na kama uliwahi kutibiwa TB, hata zamani, sema. Mashine husoma pia mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa, na daktari asiyejua hilo anaweza kukuanzishia dawa usizozihitaji. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali havilipiwi.